Dakika Tano za Mchezaji Mdogo

Watazamaji wa sinema katika miji yetu wana neno lao, "stelingi". Stelingi ndiye mwenye mchezo. Risasi humkwepa, mapanga humpita kando, na watoto wanaokaa viti vya mbele huapa kwamba hafi. Hata hivyo, watu watokapo ukumbini na kuanza kusimuliana njiani, aghalabu hawamtaji stelingi peke yake. Mmoja atauliza, "Je, yule mzee aliyefungua lango?" Mwingine atamwigiza mwanamke aliyeingia mara moja, akasema maneno yake, akatoka asirudi tena. Mtu huyo alipewa dakika chache katika mchezo wa saa mbili, naye amefuatana na watu mpaka majumbani mwao.

Jambo hili huweza kuonekana kuwa ni la wapenda sinema tu. Sisi twaliona kuwa ni swali la maadili, tena la kila siku. Mtu aliyepewa nafasi ndogo katika kazi kubwa ya wengi ana wajibu gani? Ajifiche ndani ya kazi hiyo, au ajitahidi aonekane? Na yule aliyemgawia nafasi hiyo ndogo, yeye ana wajibu gani? Swali hili la pili huulizwa kwa nadra, nasi tutalifikia.

Tuchukue mfano mmoja na tuukalie. Mwaka 1976 ilitolewa nchini Marekani filamu iitwayo Network, iliyoandikwa na Paddy Chayefsky na kuongozwa na Sidney Lumet. Ni filamu ya makelele. Yahusu kituo cha televisheni kinachouza hata wazimu wa mtangazaji wake ili kipate watazamaji, na karibu kila mtu ndani yake huhutubia. Katikati ya makelele hayo mwanamume mmoja wa makamo, Max Schumacher, anamwambia mkewe Louise kwamba amempenda mwanamke mwingine. Mke huyo alichezwa na Beatrice Straight. Muda wote aonekanao katika filamu nzima ni kiasi cha dakika tano, na mwaka 1977 alipewa kwa dakika hizo tuzo ya Oscar ya mchezaji msaidizi wa kike. Hajatokea mwingine aliyepata tuzo ya uchezaji ya Oscar kwa muda mfupi kuliko huo.

Afanya nini katika dakika hizo? Kwanza anataka kujua mambo hayo yalianza lini, na kama kweli mumewe anampenda huyo mwingine. Akishajibiwa, anamfukuza, na papo hapo kilio kinamshika. Anadai kwamba, ikiwa moto wa mapenzi umepoa, basi baada ya miaka 25 ya ndoa walau heshima na uaminifu anavistahili. Kisha hasira inatua. Anamtazama mumewe karibu kwa huruma, na kumwonya kwamba huko aendako atakutana na majonzi makubwa. Basi. Hatukuonyeshwa walivyokutana, wala walivyolea watoto wao, wala siku zao za dhiki. Lakini nyumba ile twaijua. Mwanamke huyu hakuletwa ili Max apate mtu wa kumwacha. Aliingia kama mtu ambaye muda wote kamera ilipokuwa ikitazama kwingine, yeye alikuwa akiishi.

Hapo, kwa maoni yetu, ndipo siri ilipo. Mchezaji dhaifu wa sehemu ndogo hujua maneno yake tu. Aliye hodari hujua ametoka wapi kabla ya mlango kufunguliwa, na anakwenda wapi ukishafungwa, na tumbo lake lina njaa au limeshiba. Hayo hayasemi, lakini huonekana katika jinsi anavyovuta kiti. Sisi tunaotunga mashairi twalijua jambo hili kwa njia yetu. Mshororo wa utenzi kwa kawaida una mizani nane tu, nusu ya ule wa shairi la mizani kumi na sita. Mtunzi mchanga hudhani uchache huo ni ruhusa ya kusema nusu ya jambo. Mtunzi mzoefu hajui nusu ya jambo ni kitu gani.

Wanafunzi wetu hawahitaji kwenda Marekani kuona hayo. Tangu Mwalimu Nyerere alipoufasiri mchezo wa Shakespeare, ambao sasa twaujua kwa jina la Juliasi Kaizari, wengi wamekutana na Cinna mshairi. Kaizari amekwisha uawa, mji umechafuka, na mtu huyu anapita njiani na shughuli zake. Wanamkamata kwa sababu jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi. Hilo halimwokoi, na mwenye kundi anapata kisingizio kingine, kwamba mashairi yake ni mabaya. (Jambo hilo, twakiri, sisi washairi hulisoma tukiwa na baridi kidogo mgongoni.) Cinna hana tendo jingine katika mchezo. Lakini hotuba zote za Antonio na Bruto hazitufundishi ghasia ni nini kama zinavyotufundisha dakika zake mbili au tatu.

Iko, hata hivyo, namna nyingine ya mtu mdogo kuacha alama, nayo ni wizi. Mchezaji amewekwa nyuma wakati mkuu anaposema jambo zito. Naye anaanza kufuta miwani, kukohoa, kukuna kichwa, mradi macho ya watu yamhamie. Huyu naye hukumbukwa! Shakespeare huyo huyo aliwajua watu wa namna hii, maana katika Hamlet anamfanya mwana wa mfalme awaonye wachekeshaji wasiongeze maneno yasiyoandikwa, wakawachekesha wajinga wakati ambapo jambo la maana linataka kufikiriwa. Tofauti ya mwizi na Beatrice Straight si ukubwa wa kipaji. Mwizi huondoka na kitu cha mchezo. Straight aliondoka ameacha kitu: baada ya kumwona yeye, hatuwezi tena kumtazama Max kwa macho yale yale, na kila tendo lake la mbele lina bei ambayo sisi tumekwisha iona ikilipwa.

Tena si haki kumsifu mchezaji mdogo kana kwamba alisimama peke yake. Katika filamu ya Uingereza ya mwaka 1949, The Third Man, iliyoongozwa na Carol Reed, Orson Welles hucheza Harry Lime, mtu anayeuza penisilini iliyochujuliwa katika Vienna iliyobomolewa na vita. Yapata saa nzima inapita kabla hatujamwona uso. Kisha paka anakaa miguuni pa mtu aliyesimama gizani mlangoni, taa inawashwa dirishani, na ndiye. Watu husema Welles aliiteka filamu ile kwa muda mfupi. Ni kweli, lakini saa nzima wenzake walikuwa wakimjenga: mmoja anamlilia, mwingine anamlaani, na Joseph Cotten, ambaye ndiye stelingi, anamtafuta kila kichochoro. Welles alikuta kiti kimekwisha andaliwa. Sifa yake ni kwamba alijua kukikalia.

Na wako wakuu wanaojua kuandaa kiti. Katika Doubt ya mwaka 2008, mkuu wa shule ya Kikatoliki huko New York mwaka 1964 anamwita mama wa mwanafunzi mweusi ili amweleze shaka yake kwamba padri anamtendea mtoto uovu. Mtawa huyo ni Meryl Streep, na mama ni Viola Davis. Kwa hakika Davis ana onyesho moja kubwa tu. Sisi tunatazamia mama huyo ataghadhibika, lakini yeye anataka mtoto afike mwezi wa Juni amalize shule, kwa kuwa nyumbani baba humpiga, na kama padri humwonyesha wema basi yeye hatauliza sana. Ni maneno ya kutisha. Tena ni maneno ya mama ampendaye mwanawe kwa njia pekee ambayo dunia imemwachia. Mtawa aliyekuwa na jibu kwa kila mtu anabaki akisikiliza. Streep angeweza kulipigania onyesho lile. Alilitoa.

Hata hapa tumesifu, na sifa hizi zina hatari yake. Ni rahisi sana kwa mwenye nafasi kubwa kumwambia mwenye ndogo, "Usione wembamba wa reli, garimoshi hupita." Tumeyasikia hayo maofisini, tarishi akiambiwa jinsi kazi yake ilivyo muhimu mwaka ule ule anapokosa kupandishwa cheo. Yafaa basi tuitazame historia ya tuzo yenyewe.

Tuzo ya wachezaji wasaidizi ilianza katika sherehe ya mwaka 1937. Wachezaji wakuu walipewa sanamu kamili. Wasaidizi walipewa kibao chenye sanamu ndogo juu yake. Ilikuwa hivyo mpaka mwaka 1944, walipoanza nao kupewa sanamu kamili. Kibao kimojawapo kilikwenda kwa Hattie McDaniel, tarehe 29 Februari 1940, kwa sehemu ya Mammy, mtumwa wa nyumbani katika Gone with the Wind. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar. Wazazi wake mwenyewe walizaliwa utumwani. Filamu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Atlanta, Desemba 1939, hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya ubaguzi wa rangi katika jimbo lile. Na usiku wa tuzo, katika hoteli ya Los Angeles iliyokuwa haipokei watu weusi, aliketishwa kwenye meza ndogo ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ile ile.

Kazi aliyoifanya ni kubwa. Liko onyesho ambapo Mammy anapanda ngazi akimsimulia Melanie jinsi mtoto wa nyumba ile alivyokufa na jinsi wazazi wanavyoumizana kwa huzuni. Anapanda na kulia, ngazi baada ya ngazi, na msiba wote twaupata kinywani mwake. Lakini tujiulize analilia nini. Analilia mtoto wa wengine, ndoa ya wengine. Filamu ya karibu saa nne haikupata nafasi ya kutuuliza kama Mammy ana mtoto wake, au kama usiku huota kitu. McDaniel alimpa mhusika huyo uhai wote aliokuwa nao; walioandika hawakuwa wamempa nyumba ya kuuweka. Wako Wamarekani weusi waliomlaumu kwa kukubali kucheza watumishi, na lawama hiyo haikukosa msingi. Lakini sisi twaona ilimwangukia zaidi aliyepewa kuliko waliogawa. Baada ya tuzo aliendelea kupewa sehemu za watumishi. Alifariki mwaka 1952, na makaburi ya Hollywood alikotaka kuzikwa yalimkataa kwa rangi yake. Mwanamke mweusi wa pili kupata tuzo ile ni Whoopi Goldberg, mwaka 1991.

Kwa hiyo udogo ni wa namna mbili, na maadili hayaturuhusu kuzichanganya. Uko udogo wa sehemu, utokanao na kisa chenyewe, maana hakuna kisa kinachoweza kumfuata kila mtu mpaka kwake. Na uko udogo wa mtu, aliyepimwa kabla kisa hakijasomwa. Wa kwanza twaweza kumwambia mchezaji aupokee kwa moyo wote. Wa pili hatuna haki ya kumwambia hivyo hata kama anaucheza vizuri kuliko wote, na pengine hasa kama anaucheza vizuri.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika 12 Years a Slave ya mwaka 2013, ambayo kwayo Lupita Nyong'o wa Kenya alipata tuzo hiyo hiyo mwezi Machi 2014. Patsey naye ni mtumwa, naye si mwenye kisa. Lakini anataka kitu. Bibi wa shamba amemnyima sabuni, naye anakwenda kwa miguu mpaka shamba la jirani kuomba kipande, kwa sababu amechoka kujinusa mwenyewe. Kwa kipande hicho anafungwa na kupigwa mijeledi. Hapo kabla twamwona akisokota wanasesere kwa maganda ya mahindi, na hakuna anayetueleza kwa nini. Mwandishi na mwongozaji walimwachia Nyong'o mahali pa kusimama, naye alisimama. Katika filamu hiyo hiyo Alfre Woodard ana onyesho moja tu. Ni mwanamke aliyekuwa mtumwa, sasa ni bibi wa nyumba ya bwana, anakunywa chai barazani huku watumwa wengine wakimhudumia. Anazungumza kwa utulivu mkubwa, na kikombe hakitetemeki. Hatujui amelipa nini kufika kwenye kiti kile, lakini twajua kwamba alilipa.

Walimu wanaotayarisha michezo ya shule hukutana na mambo haya kila mwaka, wanapogawa sehemu. Yupo atakayekuwa mfalme, na yupo atakayeshika mkuki mlangoni. Huyu wa mkuki aulizwe, kabla ya zoezi la kwanza, ameacha nani nyumbani asubuhi hiyo, na anamwogopa mfalme au anamdharau. Akishajua, hataegemea ukuta kama ufagio. Na mwalimu mwenyewe, jioni, afungue daftari lake la miaka iliyopita atazame majina. Huenda akakuta kwamba mwanafunzi yule yule ameshika mkuki tangu kidato cha kwanza, na kwamba wa nyumba fulani, au wa lafudhi fulani, hawajapata kuwa wafalme hata mara moja.