Shahidi wa Barafu

Huku kwetu wapo Wakristo, tena wenye imani ya kweli, wanaosema kwamba kupima kina cha bahari mwaka baada ya mwaka ni kumkagua Mungu. Baada ya gharika aliahidi hataiangamiza tena dunia kwa maji; sasa anayepeleka kipimo ufukweni anatafuta nini? Nimefundisha jiografia Meru na Embu hadi nikastaafu, na siku hizi huhubiri kanisani hapa Runyenjes, kwa hiyo swali hili hunifikia kwa milango yote miwili.

Mimi huwajibu kwa kumtaja Stefan Hastenrath. Alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na kazi yake iliunganisha vitu viwili ambavyo wanafunzi wangu hawakudhani vina uhusiano: Bahari ya Hindi, ambayo yeye na Peter Lamb waliitolea atlasi ya hali ya hewa mwaka 1979, na barafu ya Mlima Kenya. Tangu miaka ya 1970 alirudi tena na tena kwenye barafu ya Lewis, chini ya kilele cha Lenana. Kazi yenyewe haina miujiza. Unatoboa barafu, unasimika nguzo nyembamba, unashuka. Mwaka unaofuata unapanda tena na kupima urefu uliochomoza. Ukiikuta nguzo imelala, umeshajibiwa.

Ramani iliyochorwa na Wajerumani mwaka 1934 ndiyo iliyotumika kulinganishia. Kufikia 2010, Lewis ilikuwa imepoteza asilimia 79 ya eneo lake na karibu asilimia 90 ya ujazo. Jirani yake, Gregory, haipo tena.

Kinachonivuta ni namna Hastenrath alivyotoa ushahidi. Angeweza kusema ni joto tu, akapigiwa makofi. Yeye alieleza kwamba barafu ilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, mvua zilipopungua na mawingu yakawa machache, jua likapata nafasi. Joto lilikuja kuongezea baadaye. Amri ya tisa inakataza kumshuhudia jirani uongo. Sioni kwa nini mlima usihesabiwe jirani.

Ushahidi huo umemfaa nani? Barafu haikuokoka. Wala maji yake hayakuiongezea bahari chochote cha kuonekana: kuinua bahari zote kwa milimita 1 kunahitaji tani bilioni 360 za barafu, na mlima wetu haujawahi kukaribia hapo. Hata Rupingazi na Thuci zinategemea zaidi mvua na msitu. Faida sijaiona, na sidhani ndiyo ya kutafutwa. Shahidi haitwi mahakamani ili amfufue marehemu.

Wengine huogopa kwamba barafu ikiisha, Mungu atakuwa amehama Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Hilo silipotezei muda. Wazee walioomba wakiuelekea mlima hawakuwa wakiiomba barafu.

Upinde wa mvua, alama ya ahadi ile ya baada ya gharika, ndio mgumu. Mara ya mwisho nilipobanwa nao, nilimwomba mzee mwenzangu asome taratibu: ahadi ni kwamba viumbe vyote havitafutiliwa mbali pamoja. Haisemi kisiwa kimoja hakitaliwa, wala haisemi sisi hatutajiletea maji wenyewe. Mimi ni Mmeru, nikamkumbusha Mbwaa. Tunasimulia kwamba tulitoka huko, kisiwa cha baharini, tukiukimbia utumwa wa Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu, maji yakatupisha. Wengi hukiweka upande wa Lamu. Kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa takriban sentimita 20, na visiwa vya Lamu vimelala karibu sawa na maji. Waliobaki kule, kwa masimulizi yetu wenyewe, si watu baki.

"Basi, Mwalimu, tuwaombee," akasema.

Tukawaombea. Nilipopendekeza tuongeze na toba kwa ajili ya mkaa unaoteremshwa usiku kutoka msituni, kikao kiliharakisha kwenda kwenye chai. Baadhi ya waliokuwepo wanauuza.