Makunyanzi ya Mdomoni: Kazi ya Umri au Kazi ya Jua?

Swali la iwapo mja ana haki ya kuuzuia uso wake usizeeke lilijadiliwa na wanafalsafa na wanazuoni karne nyingi kabla ya krimu za madukani, lakini katika mwambao wa Afrika ya Mashariki lina uzito wake wa pekee, kwa kuwa huku jua kali hufanya juu ya ngozi kazi ambayo watu huihesabu kuwa ni ya umri. Mahali panapodhihirisha jambo hili zaidi ni ngozi inayouzunguka mdomo. Ngozi hiyo ni nyembamba, imeshikana na msuli wa duara unaofunga na kufungua midomo, na hukunjwa mara zisizo na idadi kwa siku moja, katika kula, kuzungumza, kuvuta uradi na kucheka. Nayo midomo yenyewe haina tezi za jasho, mafuta yake ya asili ni haba mno, na melanini, yaani rangi ya mwili inayoikinga ngozi na jua, ni kidogo humo kuliko mashavuni.

Wanaopinga juhudi za kuuhifadhi ujana wa uso hutegemea hoja ya umbile. Katika Uislamu hoja hiyo hujengwa juu ya aya ya 119 ya Sura an-Nisaa, ambamo Shetani anaapa kuwaamrisha watu walibadili umbile la Mwenyezi Mungu, pamoja na Hadithi zinazowalaani wenye kuchora miili kwa sindano na wenye kujitia mwanya kwa ajili ya urembo (mwanya wa kuzaliwa nao, ambao watu wa pwani hawakuchoka kuusifu, haumo katika lawama hiyo). Katika Ukristo, Tertullian wa Carthage, mwandishi wa Afrika ya Kaskazini wa mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3, alifuata njia iliyo karibu na hiyo, akiwashutumu wanaojipaka rangi usoni kwamba wanajitia kumsahihisha Muumba. Hoja hizi ni nzito, ila zote zinahusu kugeuza na kughushi, na kukinga si kugeuza. Tabibu Galen, aliyeishi karne ya 2, alikwisha kuitenganisha sanaa ya kuuhifadhi uzuri wa asili, aliyoihesabu kuwa ni sehemu ya utabibu, na sanaa ya kubandika uzuri usiokuwapo, ambayo hakutaka kuipa heshima hiyo.

Tofauti hiyo hupata nguvu zaidi inaposomwa pamoja na Hadithi iliyopokewa na Usama bin Sharik na kuhifadhiwa na Abu Daud na Tirmidhi, ambamo Mtume, alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, aliwaruhusu na kuwaeleza kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa isipokuwa uzee. Hadithi hii hunukuliwa mara nyingi ili kumnyamazisha anayehangaika na makunyanzi yake, lakini anayeinukuu hivyo huwa ameruka hatua moja ya lazima, maana kabla ya kuamua kwamba kunyanzi fulani halina dawa ni lazima ijulikane kwanza kama ni uzee kweli au ni dhara lililotoka nje ya mwili.

Jibu la sehemu hiyo ya swali linaweza kuonekana kwenye mwili wa mwanamke mmoja anayelima mwani pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mfano Paje au Jambiani. Siku za bamvua, maji yanapokupwa, mkulima huyo huinama saa nyingi juu ya kamba na vigingi, naye baada ya miaka thelathini ya kazi hiyo huwa na mistari iliyochimbika kuanzia pembe za mdomo mpaka kidevuni, madoa meusi juu ya mdomo wa juu, na mdomo wa chini uliokauka na kuchanika. Akiinua mkono na kanga ikateremka, ngozi ya upande wa ndani, juu kidogo ya kiwiko, huonekana laini na ya rangi moja. Ngozi zote mbili ni za umri mmoja na zimeumbwa na Muumba mmoja. Kinachozitofautisha ni jua. Miale ya urujuanimno, yaani ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, hupenya ngozi na kuvunja kolajeni, nyuzinyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara wake, na hata kofia yenye ukingo mpana haimkingi mvaaji kikamilifu, kwa sababu mchanga mkavu hurudisha juu takriban asilimia 15 ya miale hiyo na povu la bahari asilimia 25, ikampata kidevuni kutoka chini.

Unyevu wa hewa nao hudanganya. Mtu wa pwani hapati ngozi iliyopauka kama wa bara wakati wa kipupwe, hivyo hudhani ngozi yake i salama. Mawingu ya masika humfanya aamini kuwa jua halipo, ilhali wingu jepesi linaweza kupitisha mpaka asilimia 80 ya miale ya urujuanimno. Na mafuta ya kukinga jua anayojipaka asubuhi huteremka na jasho, hasa juu ya mdomo, panapopanguswa kwa leso kila mara, ndiyo maana hupasa kurudiwa kila baada ya saa mbili. Mafuta ya nazi, ambayo wengi huyatumaini, huilainisha ngozi lakini kinga yake dhidi ya jua ni ndogo mno. Liwa, unga wa mti wenye harufu nzuri uliochanganywa na maji, na msinzano wa wanawake wa Komoro na Mayotte, unaosagwa juu ya jiwe, angalau huacha tabaka usoni. Nikabu huukinga mdomo kwa ukamilifu zaidi, ingawa haikukusudiwa hivyo: anayeivaa hunuia stara, na kinga humjia bila ya kuiomba.

Anayesita bado na awatazame watu wenye ualbino, ambao kwao jua si suala la makunyanzi bali la saratani, ikiwamo ya mdomo wa chini. Mafuta ya Kilisun yalibuniwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, kwa ajili yao, na hakuna mwanazuoni makini atakayesema kuwa kuyapaka ni kubadili umbile. Ikiwa tendo hilo ni wajibu kwa mmoja kwa sababu linazuia dhara, haliwezi kugeuka kuwa dhambi kwa jirani yake kwa sababu tu dhara lake ni dogo zaidi.

Hata hivyo, si kila badiliko la mdomo ni la jua. Moshi wa sigara, na namna midomo inavyobinywa kuivuta, huchora mistari wima juu ya mdomo. Meno yanapong'oka, mfupa wa taya hupungua na midomo ikaingia ndani, jambo linaloipa sunna ya mswaki faida ambayo wauzaji wa krimu hawaitaji. Kisha hubaki sehemu ambayo ni umri mtupu, na hapo ndipo Hadithi ya Usama inaposimama. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, halikuruhusu makunyanzi yaondolewe kwa upasuaji au sindano isipokuwa yakiwa ni hali ya maradhi, na kwa sharti la kusalimika na madhara. Uamuzi huo unahusu kisu na sindano. Mwavuli, kofia na mafuta ya kukinga jua haviguswi nao.

Jambo linalostahili ukali wa mimbari liko kwingine, nalo ni mkorogo, mchanganyiko wa krimu za kujichubua ambao huuzwa pia kwa ahadi ya kuurudisha ujana. Humo hupatikana zebaki, ambayo ni sumu kwa figo, na steroidi, dawa zinazopunguza uvimbe lakini zikitumiwa muda mrefu bila daktari huikondesha ngozi, vikaota vipele vyekundu pembezoni mwa mdomo, na makunyanzi yakaja mapema kuliko ambavyo jua peke yake lingeyaleta. Hapo umbile linabadilishwa kweli, mnunuzi anaghushiwa, na mwili uliokuwa amana unaharibiwa. Mkorogo ni haramu kwa kila kipimo kilichotajwa hapa, na maimamu na mapadri wanaombwa waitamke hukumu hiyo kwa jina lake.