Kushindana na Rafiki

Mashindano hupima nguvu za mtu, na urafiki hupima moyo wake. Aghalabu vipimo hivi viwili hutumika mahali mbalimbali, lakini pana mahali ambapo mtu hupimwa kwa vyote viwili katika saa moja. Mahali hapo ni baharini, marafiki wanaposhindana kuogelea. Nakuomba, msomaji, tufikiri pamoja juu ya swali hili: Je, mtu aweza kushindana na rafiki yake kwa nguvu zake zote na kubaki rafiki wa kweli?

Kwanza yafaa tujue bahari ni uwanja wa namna gani. Mkimbiaji akichoka njiani hukaa chini ya mti akapumua. Mwogeleaji wa bwawani akichoka hushika ukuta. Baharini hapana mti wala ukuta. Watu wa Lamu, ambao huweka mashindano ya kuogelea katika sherehe za Maulidi pamoja na mbio za punda na za majahazi, hawahitaji kufundishwa neno hili. Mtoto wa pwani hujua mapema kwamba maji ya bamvua si sawa na maji mafu, na kwamba maji yakupwayo huweza kumchukua mtu asikotaka kwenda. Kwa hiyo wanaoshindana baharini wana mshindani mmoja zaidi ambaye jina lake haliandikwi katika orodha, naye ni bahari yenyewe.

Wako watu wasemao kwamba urafiki huachwa ufukoni pamoja na nguo. Husema aingiaye majini ameingia kushinda, na kila aliye karibu naye ni kizuizi. Wako wengine wasemao kinyume: marafiki wasishindane kamwe, kwa maana ushindi huzaa majivuno, kushindwa huzaa wivu, na baina ya majivuno na wivu urafiki hufa. Rai zote mbili zina chembe ya kweli, lakini hapana hata moja iliyo kweli kamili.

Nitaanza na hii ya pili, kwa sababu niliwahi kuifuata mimi mwenyewe. Nilipokuwa kijana, sisi marafiki watano tulikuwa tukishindana kuvuka hori moja wakati maji yamejaa. Mmoja wetu alikuwa wa mwisho kila mara. Siku moja nilimhurumia, nikapunguza mwendo karibu na ng'ambo, naye akanitangulia kuugusa mkoko uliokuwa alama yetu. Nilidhani atafurahi. Alinitazama tukiwa bado twahema, akasema, "Umeninyima haki yangu ya kushindwa." Hakusema nami tena kwa siku tatu. Wakati ule nilimwona hana shukrani; sasa naona kwamba alisema kweli. Nilijiita mwema, kumbe nilikuwa nimemdharau. Nilikata shauri, bila ya kumwuliza, kwamba yeye hawezi kuustahimili ukweli juu ya nguvu zake.

Basi, kushindana na rafiki kwa nguvu zote si uadui. Ni namna ya kumheshimu. Akupaye ushindi wa uongo hukuacha pale pale ulipokuwa, na akushindaye kwa haki hukuonyesha umbali uliobaki kwenda. Wivu hautokani na mashindano. Hutoka katika moyo uliokuwa nao kabla ya kuingia majini, na mashindano huufunua tu.

Sasa tuitazame rai ya kwanza, kwamba majini hapana rafiki. Wenye ujuzi wa kuogelea wanajua kwamba mtu akimfuata mwenziwe karibu na miguu yake hupata wepesi, kwa maana aliye mbele amekwisha kuyapasua maji. Sheria za mashindano hazimkatazi mtu kufanya hivyo. Lakini marafiki wakiogelea pamoja kwa masafa marefu hupokezana, huyu akatangulia kidogo, kisha yule. Apendaye kufuata siku zote na kuchomoka mwishoni havunji sheria, walakini ana deni. Sheria hutuambia lililo halali. Urafiki hutuambia lililo la haki baina yetu. Tena hapana aliyepata kuishinda bahari peke yake. Matthew Webb alipovuka mlango wa bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa mwezi wa Agosti 1875, kwa muda wa karibu saa 22, palikuwa na mashua kando yake. Siku hizi hata makundi ya watu sita huvuka mlango huo kwa zamu, kila mmoja saa moja, na utaratibu wa zamu haubadilishwi. Mmoja akishindwa kuingia zamu yake, safari ya wote imebatilika.

Lakini yako mambo mazito kuliko deni la kupokezana. Tarehe 23 Oktoba 2010, palifanyika mashindano ya kilomita 10 baharini huko Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Siku hiyo maji yalikuwa na joto jingi. Fran Crippen, Mmarekani mwenye umri wa miaka 26, hakuonekana mwisho wa safari. Wenziwe waliokwisha kumaliza ndio waliotambua kwamba hayupo. Watu hao, ambao dakika chache kabla walikuwa wakishindana naye, na ambao miili yao ilikuwa imechoka, walirudi majini kumtafuta. Hawakumwahi. Wapiga mbizi waliupata mwili wake baadaye. Baada ya msiba huo shirikisho la kuogelea la dunia liliweka sheria kwamba mashindano yasifanywe katika maji yenye joto lipitalo digrii 31.

Fikiri, msomaji, juu ya wale waliorudi. Saa zilikuwa zimekwisha kusimamishwa. Hapana sheria ya mashindano iliyowaambia warudi, na hapana nishani iliyokuwa ikiwangoja kule walikokwenda. Yamkini mtu atasema kwamba kurudi kwao hakukufaa kitu, kwa kuwa mwenzao hakuokoka. Mimi sikubali. Wema haupimwi kwa matokeo peke yake. Walakini tusiufanye wema wao kuwa kisingizio cha uzembe. Wanaoandaa mashindano wana wajibu wa kuweka mashua za kutosha na walinzi wenye macho, na urafiki wa waogeleaji hauwezi kuwa badala ya wajibu huo.

Basi mpaka uko wapi? Naona uko hapa: mshinde rafiki yako kwa mwendo, lakini usimshinde kwa uhai wake. Maadamu ana nguvu, mpe ushindani wako wote. Ainuapo mkono kuomba msaada, mashindano yenu yamekwisha papo hapo, hata kama mwisho uko mbele yako hatua kumi. Huenda ukasimama kwa ajili yake, kisha ukaona alikuwa amebanwa na msuli tu, nawe umepoteza nafasi ya kwanza. Hasara hiyo ni ya kweli, wala sitaki kuidharau. Lakini nafasi ya kwanza iliyopotea mwaka huu yaweza kutafutwa mwaka ujao. Mtu aliyezama hatafutwi mwaka ujao. Wazee wetu walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Yamkini wewe hukai pwani wala hujui kuogelea. Hata hivyo u katika mashindano. Darasani mwako wako marafiki mtakaofanya mtihani mmoja nao, na kesho mtaomba kazi moja. Usiwaachie washinde kwa huruma, wala usiwafiche kitabu ili washindwe. Jitahidi kwa nguvu zako zote, kisha, ufikapo ng'ambo, usikimbilie zawadi kwanza. Geuka, utazame maji, uhesabu wenzako. Kama mlianza watano na wanne tu ndio waliofika, safari yako haijaisha bado.