Je, Ni Vibaya Kumlilia Mbwa?

Mbwa wetu Malkia ana miaka 12. Mwezi uliopita daktari wa mifugo alipata saratani kwenye matiti yake, na imeshafika mapafuni. Kilichobaki ni dawa za maumivu tu.

Nilisomea biashara, kwa hivyo nilipiga hesabu. Dawa za wiki moja ni unga wa familia. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia, "Pasta, mbwa ni mbwa tu." Nikanyamaza, maana hata mimi niliona haya.

Lakini soma 2 Samweli 12. Nathani anamweleza Daudi habari za maskini aliyemlea mwanakondoo wake kama binti, akimlisha chakula chake mwenyewe. Nabii hamkemei huyo maskini kwa kumpenda mnyama. Anayekemewa ni yule asiyekuwa na huruma.

Basi dawa nanunua. Pesa za wajane sijagusa; nimeacha nyama choma ya Jumamosi. Kinachonisumbua ni kingine. Daktari alisema itafika siku ya kumdunga sindano ya mwisho. Kila nikisema "bado kidogo", namhurumia Malkia, ama najihurumia mimi?

Jana usiku hakula. Alinitazama, akatikisa mkia mara moja. Leo asubuhi nimempigia daktari.