Baraka ya Kwanza Walipewa Samaki

Somo: Mwanzo 1:20–28, Kumbukumbu la Torati 22:6–7



Tusomapo sura ya kwanza ya Mwanzo, mara nyingi twakimbilia mstari wa 28, pale Mungu alipowabariki mwanamume na mwanamke. Mstari wa 22 twaupita upesi. Lakini hapo ndipo tendo la kubariki linapotajwa mara ya kwanza katika Biblia nzima, na waliobarikiwa ni viumbe vya majini na ndege. Waliagizwa wazae, waongezeke, wayajaze maji. Sisi tuliumbwa siku iliyofuata, tukapewa baraka kama hiyo. Katika kubarikiwa, samaki ni kaka zetu. Ni kweli tulipewa kuwatawala, lakini aliyepewa kutawala hakupewa ruhusa ya kuitangua baraka iliyomtangulia.

Tuyatazame maziwa yetu. Singidani na Kindai hayana mto wa kuyatoa maji yake. Jua huyakausha maji, chumvi hubaki. Mtu angedhani hakuna samaki awezaye kuishi katika maji ya namna hiyo. Hata hivyo yuko perege ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas. Duniani kote anajulikana katika maziwa machache ya Tanzania tu, yakiwemo Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida. Kizazi baada ya kizazi mwili wake umezoea chumvi ambayo ingewaua samaki wengi wa maji baridi. Wengine huogopa habari za viumbe kubadilika, wakidhani zinamwondoa Mungu. Sisi hatuogopi. Maandiko yanasema Mungu aliyaagiza maji yatoe viumbe, na maji yangali yanatii.

Tumwangalie pia anavyolea. Dume huchimba kiota mchangani, penye maji machache karibu na ufuko. Jike akiisha kutaga huyachukua mayai kinywani mwake na kuyatunza humo. Hata watoto wakianguliwa, hukimbilia kinywani mwa mama wanapoona hatari. Basi anayemvua mama wakati huo amevua na watoto, na anayekokota kokoro juu ya viota amebomoa nyumba ya watu wasioonekana. Torati iliwaagiza Waisraeli kwamba wakikuta ndege na makinda yake, wasimchukue mama pamoja na wana, wamwache mama aende zake. Sheria hiyo haikukataza kula. Ilikataza kumaliza.

Pengine mtu atasema samaki hawaishi. Na tuwaulize ndugu zetu wa Ziwa Viktoria. Humo mlikuwa na aina zipatazo 500 za furu, ambao wataalamu wengi wanasema walitokea tangu ziwa lile lilipokauka na kujaa tena, miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Katika miaka ya 1950 na 1960 aliletwa sangara. Alileta fedha na kazi, hilo tusilikane. Lakini kufikia miaka ya 1980 aina za furu zilizokadiriwa kufikia 200 zilikuwa hazionekani tena. Ngege naye alivuliwa kupita kiasi tangu nyavu za kisasa zilipoingia mwaka 1905, kisha akaletewa sato, wakagombea chakula na kuchanganyika uzao. Leo ngege ni miongoni mwa samaki walio katika hatari kubwa ya kutoweka. Na katika vitabu vya Kiingereza ngege huyo huitwa kwa jina la Singida! Perege wetu wa maji ya chumvi naye yumo katika orodha ya walio hatarini. Akiisha hapa kwetu, hakuna nchi ya ng'ambo tutakayokwenda kuomba mbegu.

Sasa tuungame. Ni rahisi kumlaumu mvuvi mwenye kokoro au mwenye kuvua kwa chandarua. Lakini nani ananunua? Sisi tumesimama sokoni, tukaona fungu la perege wadogo kama kidole, tukafurahia bei yake, tukarudi nyumbani tukaomba baraka ya chakula juu ya samaki ambao hawakupata kuzaa. Mvuvi naye ana watoto na ada ya shule. Njaa yake si hadithi. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia aache samaki wadogo huku tukiendelea kumlipa awalete.

Kula samaki si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alikula baada ya kufufuka (Luka 24:42–43). Yatupasa haya machache: tusinunue samaki wachanga, tusifyeke matete ya ufuko na kulima hadi majini, mwenye bwawa asipeleke samaki wageni ziwani bila kuwauliza maofisa wa uvuvi, na tukijua mahali panapotumika sumu, iliyokatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, tusinyamaze kwa kuogopa jirani.

Baba aliyewabariki samaki kabla yetu atuulize siku ile, nasi tuwe na la kujibu: Bwana, tulikula, na tukabakiza.

Amina.