Meneja Akihamia Chuoni

Mwaka 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya ilitoa kanuni zilizomtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu. Ni rahisi kwa meneja anayetamani kufundisha biashara kuuliza: aliyeendesha kampuni miaka 20 afundishwe nini tena? Tuitazame Rivatex ya hapa Eldoret, kiwanda cha nguo kilichoanza miaka ya 1970, kikaanguka, kisha kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Aliyekuwa meneja wakati kinaanguka anajua yaliyotokea. Lakini kilichokiua ni mitumba, madeni, mitambo chakavu au uongozi? Kulijibu swali hilo kunahitaji kukilinganisha na viwanda vingine, vilivyofungwa na vilivyosalia. Hiyo ndiyo kazi ya utafiti, nayo haifanywi kwa kumbukumbu za mtu mmoja.

Wapo watakaosema shahada haimfanyi mtu kuwa mwalimu bora, na kwamba kuna wasomi wa masoko wasiowahi kuuza chochote. Ni kweli, na ndiyo sababu vyuo vinamhitaji meneja: analeta maswali ambayo vitabu havijayauliza. Basi apewe nafasi ya kufundisha pamoja na mhadhiri huku akisomea uzamivu, naye akubali kuwa mwanafunzi tena. Anayeitaka njia hii aanze sasa, angali ofisini, kuandika yale maamuzi ambayo matokeo yake yalimshangaza. Humo ndimo atakamopata mada ya tasnifu yake.