Dawa ni Mali ya Nani?

Mtu akinunua jembe kwa fedha yake, jembe ni lake. Akililimia, faida ni yake. Akiliacha likaliwa na kutu, hasara ni yake. Je, yamkini kusema hivyo juu ya dawa? Tulitafakari swali hili pamoja, msomaji mpendwa, maana huku kwetu Kericho na Bomet, penye mashamba ya chai na ng'ombe wa maziwa, kila nyumba hulijibu kwa matendo yake, ijue isijue.

Mwaka mmoja ng'ombe wangu wa pekee alishikwa na ugonjwa wa kiwele. Daktari wa mifugo alimtibu kwa sindano, akaniagiza nimwage maziwa kwa siku tatu baada ya sindano ya mwisho. Siku ya pili niliitazama ndoo iliyojaa, nikakumbuka karo ya mtoto wangu, nikaona kuwa kumwaga maziwa ni kumwaga fedha. Niliyauza. Niliiambia nafsi yangu kwamba yatachemshwa katika chai. Hakuna aliyeniona, wala hakuna aliyelalamika. Basi nikahesabu kwamba sikumdhulumu mtu.

Hesabu yangu ilikuwa ya uongo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuiondoi dawa yote. Ndani ya matumbo ya watu, ng'ombe na kuku huishi bakteria wasiohesabika. Wengi hawadhuru, baadhi, kama Salmonela na Kampilobakta, huingia pamoja na nyama isiyoiva, maziwa mabichi au maji machafu, wakaleta homa na kuhara. Dawa haba huwaua walio dhaifu na kuwaacha walio sugu. Wale sugu huzaana, na tena huweza kuwarithisha usugu wao bakteria wa namna nyingine. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, alionya juu ya hatari hiyo katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945.

Kwa hiyo dawa si kama jembe. Kila aitumiaye ovyo huyapunguza makali yake mikononi mwa watu wote. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Buyu hili ni moja, na wachovyaji ni dunia nzima. Wataalamu walikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao 1,270,000 walikufa kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa.

Asali ikipungua bila kuonekana, lazima awepo wa kulichungulia buyu. Denmark ilianza mwaka 1995 kuwapima pamoja bakteria wa mifugo, wa vyakula na wa wagonjwa. Kenya ilitoa mpango wake wa taifa mwaka 2017, na mjini Kericho watafiti wamechunguza vijidudu vya wagonjwa wa kuhara. Kazi yenyewe ni ya subira. Bakteria huoteshwa katika sahani, kisha vipande vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa huwekwa juu yao. Penye duara pana lisiloota kitu, dawa ingali na nguvu. Pasipo duara, dawa imeshindwa.

Pengine utaniuliza: ni haki kumtaka maskini amwage maziwa yake kwa faida ya watu asiowajua? Swali lako ni zito, wala silipuuzi. Mimi nilikuwa na mshahara. Jirani yangu mwenye ng'ombe mmoja hana. Nasema hivi: ikiwa dawa ni ya wote, mzigo wa kuilinda nao uwe wa wote. Wazee wa Kipsigis walipokutana katika kokwet, shida ya mmoja ilikuwa shauri la majirani. Ampaye mwenzake maziwa kwa siku hizo tatu anailinda dawa kama ailindavyo mpimaji katika maabara. Walakini kukosa msaada hakuligeuzi kosa kuwa jema. Hupunguza lawama ya mkosaji, na sehemu iliyopungua hutuangukia sisi tuliosimama tukitazama.

Maabara huliona duara katika sahani. Haiioni ndoo alfajiri penye giza. Hapo hapana mpimaji ila dhamiri ya mwenye ndoo. Ng'ombe wangu alipougua tena, nilichimba shimo nikayamwaga maziwa, na nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa mzito. Sikupata sifa, wala sikustahili. Nililipa deni tu.

Nawe, utakapokuwa na dawa mkononi, ya mtu au ya mnyama, kumbuka kwamba umeshika kitu ulichokinunua lakini si chako peke yako. Iko siku mtoto usiyemjua atalala kitandani akiingojea dawa hiyo hiyo. Itakuwa kali au butu kwa jinsi wewe na mimi tulivyoitumia.